Kalamu, Karamu

Jamhuri Estate, Nairobi
Jumatatu, 5 Juni 2006

Kwa Nungunungu,
Mtungaji wa Fumbo la Maneno, gazeti la Mizani

Bwana Nungunungu,

Fumbo la jana nimelimaliza kabla chai haijapoa, na usidhani nakusifu. Fumbo la Jumapili linatakiwa kunifikisha hadi wakati wa chakula cha mchana. Hili lako halikunifikisha hata kwenye kikombe cha pili.

"Kisa makini kimeficha kitoweo", herufi sita. SAMAKI, amelala hapo katikati ya maneno yenyewe. Hicho nimekipenda, sikufichi. Lakini "Mnyama wa kukunia nazi" ni kidokezo cha watoto wa darasa la tatu. Kila mtu anajua ni mbuzi. Usinidharau, bwana. Nilikuwa mkalimani wa mahakama tangu hakimu akivaa soksi ndefu hadi nilipostaafu. Nimegeuza maneno ya wezi, wachungaji na wake wenza, na hakuna aliyelalamika.

Alama: sita kwa kumi.

Utaona safari hii barua imekuja kwa posta. Binti yangu, aliyekuwa akikuletea bahasha zangu hapo ofisini mjini, amehamishiwa tawi la benki yao la Nakuru hadi mwisho wa Agosti. Barua zangu zikichelewa usifikiri nimekusamehe.

Wako,
Haron Kuria


Dagoretti Corner
Alhamisi, 8 Juni 2006
(barua pepe)

Janice wangu,

Sasa? Nakuandikia kutoka saiba ya intaneti, jamaa wa nyuma yangu anachapa wasifu wake kwa kidole kimoja na anapumua kwenye shingo yangu, kwa hiyo nisamehe nikikosea.

Mzee amenipa sita. Amesema nimemdharau kwa kidokezo cha mbuzi. Nilicheka, halafu nikaona si jambo la kuchekesha. Mwaka mzima ananiandikia kila wiki, ananikosoa, ananipa alama, na siku moja moja ananisifu kwa hila ili nisivimbe kichwa. Mtu pekee katika Nairobi nzima anayesoma kila neno ninaloandika ni baba yako. Na hajui ni mimi.

Mimi ananijua kwa simu ile tu ya Aprili. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, Janice. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Alipoinua simu, ulimi ukarudi kwetu Siaya peke yake: "Sikamoo, Mzee, naitwa Lenox Ogutu." Halafu, "Jifunze kusalimu kwanza," na simu ikakatwa. Mimi ninayesahihisha Kiswahili cha gazeti zima.

Mjomba ananiuliza lini tunakuja kujitambulisha kwenu. Nimwambie nini?

Lenox


Nakuru
Ijumaa, 9 Juni 2006
(barua pepe)

Leno,

Mwambie mwisho wa Agosti, nikirudi. Lakini kwanza mwambie Baba ukweli, ama uache hiyo kitu ya Nungunungu kabisa. Siwezi kuwa katikati ya watu wawili wanaoandikiana kila wiki na wote wawili wananipigia simu kulalamika. Jana Baba amenipigia, dakika kumi nzima ni mbuzi tu. Hakuniuliza hata kama nimekula.

Nikuambie kitu moja na usikasirike. Mimi sitakuja kuishi kwako hapo Corner kama mtu aliyeibwa usiku. Nataka uingie kwa mlango wetu, ukae kwa kile kiti kibaya cha wageni, Mama akuletee chai, Baba akuulize maswali ya kijinga. Kama hataki kukupokea, basi sijui tunaenda wapi, wewe na mimi. Nakupenda lakini siolewi kwa dirisha.

Fanya kitu. Nimechoka.

Janice


Jamhuri Estate
Jumatatu, 12 Juni 2006

Bwana Nungunungu,

Nimekaa na kidokezo hiki tangu jana asubuhi na sasa damu imepanda. "Ukitega sikio, la kukatia kuni linachezwa Ujerumani", herufi nne.

Linachezwa Ujerumani nini mwezi huu, hata mbuzi wako anajua. SOKA. Lakini la kukatia kuni ni SHOKA. Tangu lini shoka na soka zikasikika sawa? Nimetega sikio la kulia, nikatega la kushoto. Nimemwita Mama Janice atoke jikoni, nikamwambia, sema shoka, sasa sema soka. Akasema yote mawili, akaniuliza kama nimepimwa shinikizo la damu hivi karibuni.

Kidokezo cha sikio lazima kisikike sawa kwa kila mtu, la sivyo si fumbo, ni kasoro ya ulimi wa aliyelitunga. Ninamjua mtu mmoja tu ambaye kwake shoka ni soka. Kuna kijana alinipigia simu hapa nyumbani, anataka binti yangu, akafungua mdomo akasema "sikamoo". Nilimkatia. Huyo ndiye angekipenda kidokezo chako.

Alama: tatu kwa kumi, na hizo ni za uchapaji safi.

H. Kuria


Gazeti la Mizani, Nairobi
Ijumaa, 16 Juni 2006

Mzee Kuria,

Asante kwa barua yako. Alama tatu nimezipokea.

Umesema kidokezo cha sikio kisikike sawa kwa kila mtu. Nami nauliza, kwa heshima, mtu yupi? Gazeti hili linasomwa Kawangware, Kakamega, Nyeri na Homa Bay. Kila msomaji ana sikio alilolelewa nalo. Sikutunga kwa kukosea. Mimi nikisema neno lile kwa haraka, ndivyo linavyotoka.

Huyo kijana wa simu simtetei. Lakini nadhani alikuwa na maneno mengine baada ya salamu, nawe hukuyasikia.

Wako katika mafumbo,
Nungunungu


Jamhuri Estate
Jumatatu, 26 Juni 2006

Bwana Nungunungu,

Sasa umenifikisha. Fumbo la Jumapili iliyopita lilinikosesha usingizi wa mchana wiki nzima, na majibu mliyochapisha jana yamemwaga chumvi kwenye kidonda.

Mlalo wa saba: "Mwenye maneno hushiba akiwa nayo", herufi sita. Nikaandika KARAMU, kwa wino. Wapi tena mwenye maneno hushiba? Nimehudhuria harusi za kutosha. Mshereheshaji ndiye anayeanza kula na ndiye wa mwisho kunawa.

Kisha wima unaoanzia kwenye herufi ile ya tatu: "Mali ikigeuka, shika jembe", herufi nne. Haya. Mari ikigeuka ni RIMA. Ma-ri, ri-ma, mtoto anaweza. Rima ni shimo la kutegea wanyama, kamusi ninayo mezani. Nikajiuliza jembe linaingiaje hapo, nikakubali kwa shingo upande kwamba rima huchimbwa kwa jembe. Nikakuonea huruma, nikapita.

Jana mnaniambia ni KALAMU na LIMA. Hiyo lima inatoka wapi kwenye mari? Geuza mari juu chini, ipasue, ichemshe, herufi hiyo haimo. Fumbo lina kosa na anayelisahihisha amelala.

Nataka barua hii ichapwe jinsi ilivyo kwenye ukurasa wa wasomaji, ili Wakenya wapime nani anajua maneno. Msipoichapa nitakuja hapo mwenyewe.

Alama: sifuri.

H. Kuria


Dagoretti Corner
Alhamisi, 29 Juni 2006
(barua pepe)

Janice,

Baba yako ameandika barua. Ndani yake mali imekuwa "mari", tena na tena, hata baada ya kuinakili sawasawa kutoka gazetini. Amejitegea shimo mwenyewe, akaingia, na sasa anatugombeza kutoka ndani.

Mhariri wetu Wahome aliikuta kwenye meza yangu kabla sijafika. Nilimkuta amesimama juu ya kiti anaisoma kwa sauti, chumba kizima kinapangusa machozi. Wahome ni mtu wa Nyeri na hata yeye anacheka, ati ni kama kumsikia mjomba wake. Mimi pia nilianza kucheka. Halafu nikakisikia kile kicheko vizuri, nikakitambua. Ndicho walichonicheka darasa la nne niliposimama kusoma nikasema "sangazi". Sikuinua mkono tena darasani hadi darasa la saba.

Wahome anataka kuichapa Jumapili, nusu ukurasa, na katuni. Nikamwambia hapana. Akasema mzee mwenyewe ameomba ichapwe. Nikasema ameomba kwa sababu haioni mari yake. Tukazozana hadi nikamwambia akiichapa atafute mtungaji mwingine. Amekubali, lakini amenuna, na barua kabaki nayo.

Ungeniambia nimefanya ujinga? Ikichapwa, mzee angejua kwamba ulimi wa kila mtu una kwao. Mimi ndiye ningefaidika.

Lenox


Nakuru
Ijumaa, 30 Juni 2006
(barua pepe)

Leno,

Hujafanya ujinga. Nimesoma kwa kaunta na mteja akaniuliza mbona nalia.

Lakini unamjua Baba vile alivyo. Amesema atakuja, atakuja. Ametoa ile koti ya mahakama, Mama ameniambia, anaipiga brashi tangu Jumatano. Tafadhali muandikie kabla hajafika huko. Leo. Si kesho, Leno, leo.

Janice


Jamhuri Estate
Jumatano, 5 Julai 2006

Kijana Lenox Ogutu,

Nilifika ofisini kwenu jana. Nilivaa koti, nikachukua kamusi. Msichana wa mapokezi nikamwambia namtaka Nungunungu. Akasema, "Ogutu? Ametoka kula, Mzee, keti hapo umngoje."

Nikamwuliza Ogutu yupi. Akasema, "Lenox Ogutu, kwani wako wangapi?" Hivyo tu, huku anatafuna mahindi.

Kwa hiyo wewe ndiye shoka, wewe ndiye soka, na wewe ndiye sikamoo. Mwaka mzima nimekaa Jumapili na kalamu mkononi nikipigana na mtu niliyemkatia simu. Nilikuwa bado nakusanya hasira yangu vizuri, mhariri wenu Wahome akatokea. Alikuwa na furaha nyingi kuniona. Akanipeleka mezani kwake, akanionyesha barua yangu, akasema, "Mzee, hii tungeipa nusu ukurasa, huyu kijana ndiye ametukatalia."

Nikaisoma pale pale. Mari ya kwanza sikuiona. Ya pili niliiona. Ya tatu nikakaa chini bila kukaribishwa.

Unangoja nikushukuru? Sikushukuru. Mtu akikufichia aibu yako bila kukuuliza amekufanya mtoto. Na hukunificha aibu tu, ulinificha na jina lako. Ulikuwa unasoma kila kitu kuhusu kichwa changu, nami nasoma jina la mnyama wa porini. Nimekosa hata mtu wa kumkasirikia sawasawa. Nikimkasirikia Nungunungu, namkumbuka Ogutu. Nikimkasirikia Ogutu, ni huyo huyo aliyempokonya Wahome nusu ukurasa.

Usingoje alama kutoka kwangu tena. Nimeacha kununua Mizani.

Haron Kuria


Dagoretti Corner
Ijumaa, 7 Julai 2006

Mzee Kuria,

Nilirudi kutoka kula nikaambiwa umeondoka sasa hivi. Nilikimbia hadi stejini. Nikaona koti lako likipanda gari, nikasimama pale kama mwizi.

Jina langu nilikuficha kwa woga, na hapo una haki yote. Barua yako sikuificha kwa wema. Niliificha kwa sababu aibu ile naijua, nimelala nayo na kuamka nayo. Wewe uliicheka sikamoo yangu ukiwa peke yako na simu. Mari yako ingechekwa na nchi nzima ikinywa chai. Sikuweza kukaa nikitazama, hata kama ningefaidika.

Nina ombi moja. Kama umenikatalia kwa sababu ya herufi moja, basi sote wawili tuna herufi zilizotutoroka, na tunaweza kuketi tuzungumze. Lakini kama sababu ni nyingine, kama ni jina Ogutu lenyewe, niambie kwa jina lake. Usinifumbie. Umefumbua mafumbo yangu mwaka mzima, hilo sitaki kulifumbua peke yangu.

Janice haolewi nami bila wewe, nami simtaki kwa njia nyingine. Sina cha kuongeza.

Lenox Ogutu


Nakuru
Jumanne, 18 Julai 2006
(barua pepe)

Leno,

Sasa hata sijui nimkasirikie nani. Jumapili mbili Baba hajafanya fumbo. Mama anasema amekaa tu pale mezani, ameshika kalamu, anatazama mahali ambapo gazeti hukaa. Amemkosoa mchungaji kanisani, amemkosoa fundi wa bomba, amesema chapati ni nene. Nyumba haikaliki.

Juzi alikuwa anakusema wewe, ati umeingia kwake kwa hila, ati ulimjuaje binti yake. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akamwambia, "Baba Janice, nani alikuwa anampa mtoto bahasha kila Jumatatu? Nani alisema mpe Nungunungu mwenyewe mkononi, usiache kwa mlango?"

Baba akainuka. Akatoka, akatembea hadi Jamhuri Park na kurudi bila kofia, na unajua baridi ya Julai.

Hiyo tu ndiyo najua. Usiniulize kama ni dalili nzuri. Mimi na hesabu zangu za benki sijui kusoma nyinyi wawili.

Janice


Jamhuri Estate
Jumatatu, 24 Julai 2006

Kijana Lenox,

Jana nilinunua Mizani. Usijipe kichwa, Mama Janice alihitaji karatasi ya kuwashia jiko.

Fumbo ni baya. "Njia iliyo sawasawa", BARABARA, nzuri, lakini umeiweka pale juu kabisa ambapo hata kipofu angeikanyaga. Umelegea. Inaonekana mtungaji ana mawazo mengine, na msomaji hapaswi kulipia mawazo ya mtungaji. Alama tano.

Sasa swali lako. Limeniudhi, maana ni swali la kweli na mimi si mtu wa kudanganya chini ya kiapo. Sababu ilikuwa nyingine. Ulimi wako ulikuwa kisingizio nilichokipata karibu. Nilisikia Ogutu, nikawaza watu watasema nini kanisani, na kaka zangu kule Kikuyu, nikashukuru kwamba umesema sikamoo. Ndiyo hiyo, kwa jina lake. Sikufumbi.

Nilipokuwa mahakamani, mshtakiwa akisema jambo nilikuwa nasubiri amalize ndipo nigeuze. Hata mwizi wa mifugo nilimsubiri. Wewe sikukusubiri. Jambo hilo linanikera kuliko shoka na soka, na ninakulaumu pia, kwa sababu kabla hujaja nilikuwa nalala mchana vizuri. Tena usiku najiuliza ni washtakiwa wangapi niliwasomea mari wakati wao walisema mali, na hakimu amevaa soksi zake anaandika tu.

Nasikia unakaa Dagoretti Corner. Muda huu wote ulikuwa unanipelekea maneno hadi mjini ili posta inirudishie hapa Jamhuri, na kutoka kwako hadi kwangu ni mwendo wa miguu. Mtu mwenye akili zake hafanyi hivyo.

Kwa kuwa umelegea, nimetunga kidokezo mwenyewe, uone kazi ya mtu mzima:

"Si mbali, basi ingia", herufi sita.

Jumapili ya kwanza ya Septemba, Janice akiwa amerudi, saa nane. Mlete mjomba wako. Kiti cha wageni kina msumari upande wa kushoto, kaa kulia. Mama Janice anauliza kama mnakula mukimo, viazi vyetu vya kuponda na mahindi, nimemwambia mtakula.

Na ukifika mlangoni usijifanye mtu wa Lamu. Salamu yako itoe kwa ulimi uliopewa. Safari hii nitasubiri umalize.

Haron Kuria


Dagoretti Corner
Alhamisi, 27 Julai 2006

Mzee Kuria,

Sikamoo.

Jibu ni KARIBU. Nimelipata upesi, lakini nimelisoma mara nyingi. Alama tisa kwa kumi. Moja nimekata kwa sababu uliweka jibu lenyewe wazi katika barua ile ile, pale ulipotaja kisingizio, na mtungaji hodari hafanyi hivyo.

Tutafika saa nane. Mimi ndiye nitakayekaa upande wa kulia wa kiti.

Lenox Ogutu


Jamhuri Estate
Jumatatu, 31 Julai 2006

Lenox,

Malahaba.

H. Kuria